Hewa Ipitayo Chini ya Gari

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba hewa ina uzito, na kwamba hujaza kila mahali palipo wazi. Leo tutaichunguza hewa mahali ambapo watu wachache hupatazama, yaani chini ya gari.

Je, umewahi kuchungulia chini ya gari? Kama hujawahi, mwombe ruhusa mwenye gari. Hakikisha kwamba injini imezimwa na breki ya mkono imevutwa. Kisha piga magoti kando ya gari, uchungulie bila kuingia chini yake.

Kwa juu, gari ni laini. Milango, paa na boneti vimepakwa rangi vikang'aa, na pembe zake zimefanywa mviringo. Chini hakufanani na juu hata kidogo. Hapo utaona sampu iwekayo mafuta ya injini, giaboksi, bomba la moshi litokalo mbele hadi nyuma, tangi la mafuta, springi, ekseli, na vyuma vingine vilivyojitokeza. Baina ya vyuma hivyo mna mashimo na nafasi tupu. Gari hilo ni kama nyumba iliyopakwa chokaa upande wa barabarani tu. Kwa miaka mingi waundaji wa magari waliridhika na hali hiyo, maana mnunuzi hutazama juu. Hewa, hata hivyo, hupita pande zote.

Ukinzani wa hewa

Ukitembea polepole siku isiyo na upepo, huihisi hewa. Ukiteremka mlima kwa baiskeli, waihisi usoni, na shati lako hutuna mgongoni. Hewa ni ileile. Kilichobadilika ni mwendo wako.

Fikiria sanduku lenye urefu wa meta moja, upana wa meta moja na kimo cha meta moja. Hewa iliyomo ndani yake ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. Sasa fikiria gari dogo ambalo uso wake, ukitazamwa kutoka mbele, una eneo la meta mbili za mraba. Gari hilo likienda kilometa 90 kwa saa, hupita meta 25 kila sekunde. Kwa hiyo kila sekunde hukutana na meta 50 za ujazo za hewa, ambazo uzito wake hukaribia kilo 60. Hewa yote hiyo haina budi kupishwa: nyingine juu, nyingine kando, na nyingine chini. Nguvu ambayo hewa hutumia kulizuia gari huitwa ukinzani wa hewa.

Ukinzani huu una tabia moja ambayo lazima uikumbuke. Mwendo ukizidishwa mara mbili, ukinzani huzidi mara nne. Kwa gari dogo la abiria liendalo kilometa 50 kwa saa, ukinzani wa hewa ni kama uzito wa kilo 8, sawa na ndoo ndogo ya maji. Likienda kilometa 100 kwa saa, ukinzani hufika kama uzito wa kilo 32. Hiyo ni sawa na kufunga debe la maji na nusu nyuma ya gari, likawa linavuta kurudi nyuma safari nzima.

Matairi nayo hulizuia gari. Kwenye lami, gari lenye uzito wa kilo 1000 huzuiwa na matairi yake kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 12, na nguvu hiyo haibadiliki sana mwendo ukiongezeka. Linganisha sasa. Katika kilometa 50 kwa saa, ni kipi kilizuiacho gari zaidi, hewa au matairi? Na katika kilometa 100 kwa saa? Andika majibu yako katika daftari kabla ya kuendelea, kwa kuwa tutayahitaji mwishoni.

Hewa iingiayo chini ya bampa hukutana kwanza na sampu. Hupasuka, huzunguka nyuma yake, halafu hugonga giaboksi, hutumbukia katika mashimo, hugonga ekseli, na kutoka nyuma ikiwa imevurugika. Umeona jinsi maji ya mto yanavyofanya vizingia nyuma ya jiwe. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo, ila hatuioni. Kila kizingia kinahitaji nguvu ili kizunguke, na nguvu hiyo hutoka katika petroli ambayo mwenye gari ameinunua.

Jaribio: tumbo laini na tumbo lenye vikwazo

Hatuwezi kuona hewa, lakini twaweza kutumia maji badala yake. Maji yana uzito wa mara 800 hivi kuliko hewa ya ujazo uleule, kwa hiyo ukinzani wake huonekana hata kwa mwendo mdogo.

Tafuta vitu hivi: mbao mbili zilizo sawa, kila moja yenye urefu wa sentimeta 30, upana wa sentimeta 10 na unene wa sentimeta 2, vipande 12 vidogo vya mbao, kila kimoja kama nusu ya kiberiti, misumari midogo, kijiti kilichonyooka chenye urefu wa sentimeta 40, uzi imara, na kipande cha plastiki kilichokatwa kutoka katika dumu kuukuu. Utahitaji pia hodhi refu au birika la kunyweshea mifugo. Usifanye jaribio hili mtoni wala bwawani.

Ziite mbao zako A na B. Pigilia vipande sita chini ya mbao B, vikiwa vimetawanyika kama vyuma vya chini ya gari. Vipande sita vingine vipigilie juu ya mbao A, ambako havitagusa maji. Kwa nini tunafanya hivyo? Tunataka mbao zote mbili ziwe na uzito mmoja, ili tofauti yao iwe katika tumbo peke yake. Mwanafunzi anayesahau hatua hii hatajua kama alichokiona kimeletwa na umbo au kimeletwa na uzito.

Funga uzi kutoka mbele ya mbao A hadi ncha moja ya kijiti, na uzi mwingine wenye urefu uleule kutoka mbele ya mbao B hadi ncha ya pili. Funga uzi wa tatu katikati ya kijiti. Zielekeze mbao majini, kisha vuta uzi wa kati taratibu, kwa mwendo usiobadilika.

Umeona nini? Ncha ya kijiti iliyofungwa mbao B hubaki nyuma.

Sasa sogeza fundo la uzi wa kati kidogo kidogo kuelekea upande wa B, ukivuta tena kila mara, mpaka kijiti kiende bila kupinda upande wowote. Pima umbali kutoka katika fundo hadi kila ncha. Tuseme umepata sentimeta 24 upande wa A na sentimeta 16 upande wa B. Tulipojifunza mizani na wenzo tuliona kwamba nguvu mara umbali wa upande mmoja ni sawa na nguvu mara umbali wa upande wa pili. Kwa hiyo, katika mfano huu, ukinzani wa B ni mara moja na nusu ya ule wa A, kwa sababu 24 ukiigawa kwa 16 unapata moja na nusu. Vipimo vyako vitakuwa vingine. Viandike kama ulivyoviona, wala usivibadili vifanane na vya kitabu.

Mwisho, kata plastiki iwe na ukubwa wa mbao, na uipigilie chini ya vipande vya mbao B ili ivifunike vyote. Plastiki hiyo ni bamba la chini. Vuta tena, utafute tena mahali pa fundo. Wanafunzi wengi huona kwamba fundo limerudi kuelekea katikati, ila halikufika. Mbao B bado ni nene kuliko A, na maji bado huingia kando ya plastiki. Bamba limepunguza ukinzani, halikuumaliza.

Waliofanya jaribio hili kwa gari zima

Katika miaka ya 1970, mhandisi mmoja wa Marekani, Edwin Saltzman, alikuwa akienda kazini kwa baiskeli katika jangwa la California. Alifanya kazi katika kituo cha NASA cha kuchunguza ndege, kilichoko Edwards. Kila lori kubwa lilipompita, alihisi hewa ikimsukuma kwanza kando, kisha ikimvuta kuelekea barabarani. Malori ya siku hizo yalikuwa kama masanduku yaliyosimamishwa juu ya magurudumu. Yeye na wenzake walichukua gari la mizigo wakalifunika kwa mabamba ya alumini, likawa sanduku lenye pembe kali. Baada ya kulipima, walizifanya pembe hizo kuwa mviringo, wakalipima tena. Pembe zote zilipokwisha kufanywa mviringo, ukinzani ulipungua kwa asilimia 54. Hatimaye waliliziba na tumbo la gari. Faida ya tumbo ilikuwa ndogo kuliko ile ya pembe, nasi hatuna haja ya kustaajabu, kwa maana sehemu kubwa ya hewa hukutana na gari upande wa mbele.

Huko Ufaransa, gari liitwalo Citroën DS lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi wa Oktoba 1955, na tumbo lake lilikuwa karibu bapa tangu kiwandani. Siku hizi magari mengi yaendayo kwa umeme yana matumbo laini, kwa kuwa betri zao hulazwa chini ya sakafu kama godoro. Gari la kawaida la petroli halina bahati hiyo. Ndiyo maana wako watu, hasa Marekani na Ulaya, wanaojitengenezea mabamba nyumbani kwa alumini, kwa plaiwudi, au kwa ile plastiki nyepesi yenye mifereji ndani ambayo hutumika kwa mabango.

Kuchagua bamba

Bamba zito halifai, kwa sababu gari litakuwa likilibeba mlimani na bondeni. Tufanye hesabu. Tuseme bamba lina urefu wa sentimeta 150, upana wa sentimeta 120, na unene wa milimeta moja, yaani sehemu moja ya kumi ya sentimeta. Ujazo wake ni:

150 × 120 × 0.1 = sentimeta 1,800 za ujazo.

Sentimeta moja ya ujazo ya chuma cha pua cha kawaida au bati huwa na uzito wa gramu 7.8 hivi, ya alumini, gramu 2.7. Kwa hiyo bamba la bati litakuwa na gramu 14,040, yaani kilo 14, na la alumini gramu 4,860, hazifiki kilo 5. Plastiki ya mabango ni nyepesi kuliko zote mbili, ingawa ni nene zaidi, kwa sababu ndani yake mmejaa hewa.

Lakini usikimbilie kuchagua kwa uzito peke yake. Plastiki ya namna hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Sentigredi, na bomba la moshi karibu na injini huwa na joto la mamia ya nyuzi. Alumini haiyeyuki mpaka nyuzi 660. Plaiwudi haiyeyuki, bali huungua, na hunywa mafuta yadondokayo kutoka katika injini.

Mwandishi wa somo hili aliwahi kuona jambo hilo kwa macho yake alipokuwa mwalimu wa sekondari. Mwenye gari mmoja alikuwa amefunga plaiwudi chini ya injini, akiiacha karibu sana na bomba la moshi. Kwa miezi kadhaa gari lilikwenda vizuri katika barabara tambarare, na mafuta yalikuwa yakidondoka tone moja moja juu ya ubao bila yeye kujua. Siku moja alikuwa akipanda mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, nyuma ya lori lililojaa saruji. Mwendo ulikuwa mdogo, injini ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, na upepo wa kupoza haukuwapo. Abiria walisikia harufu ya kuni. Walishuka upesi, wakauzima ubao kwa mchanga, na hakuna aliyeumia. Ubao ulipofunguliwa ulikuwa mweusi kama mkaa, isipokuwa ukingo mmoja.

Kwa nini moto ulianzia mlimani wala si tambarare, ambako gari lilikwenda kasi zaidi? Jadilini swali hili darasani.

Kulifunga bamba

Kazi hii ni ya fundi na mtu mzima. Wewe waweza kupima, kuchora na kukata kiolezo. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake huweza kuanguka wakati wowote, kwa hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia chini yake mpaka limewekwa juu ya vigingi imara vya chuma, na magurudumu yaliyobaki chini yamezuiwa kwa magogo.

Kiolezo hukatwa kwa karatasi ngumu za maboksi kabla ya kuigusa alumini, kwani kosa la karatasi halina gharama. Juu yake huchorwa mahali pa bomba la moshi, ambalo huachwa wazi katika mfereji wake, na tundu la nati ya kumwagia mafuta ya sampu. Fundi asiyeacha tundu hilo atalifungua bamba zima kila mafuta yanapobadilishwa, na siku moja atachoka asilirudishe.

Bamba hufungwa kwa bolti zipitazo katika matundu yaliyokwisha kuwapo katika chasisi. Haifai kutoboa ovyo, kwa kuwa mabomba ya breki na ya petroli hupita huko. Chini ya kila nati huwekwa washa pana. Bila washa, bamba jembamba hupasuka tunduni kwa mtikisiko, na bamba linaloning'inia upande mmoja gari likiwa kasini ni hatari kwa wote walio barabarani.

Kama mabamba ni mawili, la mbele hupita chini ya ukingo wa lile la nyuma. Umeona mabati ya paa: lile la juu hulalia lile la chini, ili maji yateremke bila kupenya. Hapa hewa imechukua nafasi ya maji. Ukikosea mpango huo, hewa itaingia katika mwanya na kulivuta bamba kama mtu afunguaye kifuniko cha kopo.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wageni hulisahau. Hewa ipitayo katika rejeta ili kupoza maji ya injini hutokea chini. Ukiziba chini yote, hewa hiyo haina njia, na maji yatachemka. Kwa hiyo nyuma ya injini huachwa nafasi iliyo wazi, na bamba la pili huanzia baada yake.

Bado liko tope. Bamba letu lina eneo la sentimeta za mraba 18,000. Tope likikaa juu yake kwa unene wa sentimeta moja tu, ujazo wake ni sentimeta 18,000. Hata tukihesabu gramu moja na nusu kwa kila sentimeta ya ujazo, tumepata kilo 27, zaidi ya mara tano ya uzito wa bamba lenyewe. Ndiyo sababu hutobolewa vitundu vya kutolea maji, na ndiyo sababu gari la barabara za udongo hulifungua bamba lake masika yanapoanza. Kusema kweli, gari lipitalo barabara za udongo kwa kilometa 40 kwa saa halihitaji bamba hata kidogo. Tazama majibu uliyoyaandika kuhusu hewa na matairi.

Kupima faida

Mtu aliyejitengenezea bamba hupenda kuamini kwamba limefaa. Sayansi humtaka apime. Saltzman na wenzake walilipeleka gari lao kasini, wakaliacha lijiendee lenyewe bila kusukumwa na injini, wakapima jinsi mwendo ulivyopungua. Gari lenye ukinzani mdogo hukawia kusimama. Kipimo hiki hufanywa na madereva watu wazima, mahali palipofungwa kwa magari mengine.

Tuseme gari dogo laachwa katika kilometa 80 kwa saa, na twahesabu sekunde mpaka lifike kilometa 60. Kwa hesabu, gari la kilo 1000 tulilolitaja lingechukua kama sekunde 20. Bamba likipunguza ukinzani wa hewa kwa sehemu 5 katika kila 100, lingechukua kama sekunde 20 na nusu. Nusu sekunde ni muda mdogo sana. Upepo mwepesi au mteremko usioonekana huweza kuificha. Kwa hiyo gari hupelekwa kwenda na kurudi katika barabara ileile, mara nyingi, bila bamba na pamoja na bamba, kisha wastani hutafutwa.

Maswali

1. Kwa nini vipande sita vya mbao vilipigiliwa juu ya mbao A?

2. Gari limeongeza mwendo kutoka kilometa 30 hadi 90 kwa saa. Ukinzani wa hewa umezidi mara ngapi?

3. Tafuta uzito wa bamba la alumini lenye urefu wa sentimeta 100, upana wa sentimeta 80 na unene wa milimeta 2.

4. Chora gari kwa ubavu. Onyesha kwa mishale njia ya hewa ipitayo katika rejeta na njia ya hewa ipitayo chini ya bamba.

5. Gari lilipimwa mara nne bila bamba: sekunde 19.6, 20.3, 19.8 na 20.3. Likapimwa mara nne pamoja na bamba: sekunde 20.1, 20.9, 20.2 na 20.8. Tafuta wastani wa kila kundi. Kama dereva angelipima mara moja tu kwa kila hali, angeweza kudanganyika vipi?

6. Daladala husimama kila baada ya kilometa moja, na basi la mikoani huenda saa nzima bila kusimama. Ni gari lipi lingefaidika zaidi na bamba la chini? Eleza sababu zako.